Jani limebaki kahawia: kosa la jaribio au jibu la kweli?

Swali

Ninafundisha baiolojia kidato cha pili katika sekondari ya kata wilayani Kilosa. Jaribio la kupima wanga kwenye jani limenishinda. Kipindi changu ni cha kwanza asubuhi. Tunachuma majani kwenye shamba la shule, mara nyingi ya mahindi na vitunguu, siku nyingine kunde. Tunayachemsha kwenye maji, tunatoa rangi ya kijani kwa spiriti, kisha tunadondoshea iodini ya duka la dawa. Jani linabaki kahawia. Kinachoniuma zaidi ni kwamba wanafunzi wameshalijua jibu la kitabuni, wanaandika "jani limegeuka bluu-nyeusi" hata kabla sijashika chupa ya iodini. Nakosea wapi? Pia naogopa kuchemsha spiriti. Mwaka jana ilishika moto kwenye jiko la mafuta ya taa, ikawa bahati tu hakuna aliyeungua. Kuna njia nyingine?

Jibu

Mwalimu, poleni sana kwa ule moto. Njia nyingine ipo, na uzuri wake ni kwamba inatatua shida zako zote mbili kwa pamoja. Lakini kwanza niyatetee majani yako. Kwa maelezo uliyotoa, mengi yamesema kweli. Jani la kunde lililochumwa saa moja na nusu asubuhi likabaki kahawia linaeleza hali yake ilivyokuwa saa ile: halikuwa na wanga wa kutosha kuonekana kwa macho. Jani la kitunguu nalo limesema kweli, kwa sababu nyingine nitakayoieleza. Wanafunzi walioandika bluu-nyeusi ndio walioandika kisichokuwepo, na hilo linanisumbua kuliko jaribio lenyewe.

Jani halina wanga ule ule saa zote. Jua likichomoza, jani linaanza kutengeneza sukari kwa nguvu ya mwanga, kazi inayoitwa usanisinuru. Sehemu ya sukari hiyo inasafirishwa moja kwa moja kwenda kwenye mizizi, vichipukizi, maua na mbegu. Inayobaki inageuzwa kuwa wanga na kuwekwa akiba ndani ya vile viini vya kijani vyenye umbijani, yaani ile rangi ya kijani ya jani. Akiba hiyo inaongezeka saa baada ya saa mpaka alasiri. Giza likiingia usanisinuru unasimama, lakini mmea haulali njaa: vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za kikemia ndani ya seli, vinaanza kuuvunja wanga na kuurudisha kuwa sukari, sukari inatumika palepale au inasafirishwa. Kwa mimea mingi, kunapopambazuka akiba imekaribia kwisha kabisa. Sasa wewe unachuma jani saa moja tu baada ya jua kuchomoza, tena pengine wakati wa masika na mawingu yametanda. Unapima ghala mara tu baada ya watu kula usiku kucha.

Si jambo jipya. Mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Julius Sachs, ndiye aliyeonyesha mwanzoni mwa miaka ya 1860 kwamba wanga unaoonekana ndani ya jani unatokana na usanisinuru, na kwamba mahali pasipofikiwa na mwanga wanga haujengeki. Mwaka 1884, akiwa Würzburg, alichapisha kazi aliyotumia iodini kuyapima majani kwa nyakati tofauti, akaeleza jinsi yanavyojaa mchana na kupungukiwa usiku. Vitabu vyetu vilichukua nusu ya kwanza ya habari hiyo, ile ya mwanga, nusu ya pili ikasahaulika. Ndiyo maana hatua za jaribio zimeandikwa kana kwamba saa ya kuchuma haina maana.

Basi fanya hivi. Chuma majani siku moja kabla ya kipindi, siku ya jua, kati ya saa nane na saa kumi alasiri. Uwe na sufuria ya maji yanayochemka tayari, kwa sababu jani lililochumwa bado li hai, na ukiliacha mezani litaendelea kuutumia wanga wake. Litumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja hivi, mpaka lilegee kabisa kama mboga iliyoiva. Hapo mambo mawili yamefanyika. Vimeng'enya vimekufa, kwa hiyo wanga uliokuwepo saa tisa utabaki vilevile hadi kesho. Na utando wa seli umevunjika, kwa hiyo spiriti na iodini zitapita bila shida. Wanafunzi hukariri kwamba tunachemsha "ili kuua jani". Waeleze na hili la utando, maana ndilo linaloonekana baadaye.

Sasa zima jiko, liondoe kabisa chumbani. Yatie majani yaliyochemshwa kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, ile ya jamu inafaa, mimina spiriti mpaka yazame na ibaki nyingi juu yake, funga kifuniko, weka kabatini mbali na moto. Lala. Asubuhi utakuta spiriti imekuwa ya kijani na majani yamepauka, yamekuwa meupe-manjano. Umbijani hauyeyuki kwenye maji lakini unayeyuka vizuri kwenye spiriti hata ikiwa baridi. Moto tulikuwa tunautumia kwa ajili ya haraka tu, ili kila kitu kiishie ndani ya dakika arobaini. Jani jembamba lililochemshwa vizuri usiku mmoja unalitosha. Likibaki na ukijani, badilisha spiriti, liache tena ndani yake mpaka mchana.

Kwa hiyo unapoingia darasani saa mbili kasoro dakika ishirini, kazi ngumu imekwisha. Toa jani kwa kibano. Litakuwa kavu na linavunjika kirahisi, kwa sababu spiriti imenyonya maji yake, hivyo lichovye kwenye maji ya uvuguvugu kwa nusu dakika lilainike. Litandaze kwenye sahani nyeupe, dondoshea iodini, subirini dakika moja au mbili. Ukiwa na jani la kunde la saa tisa, litaanza kubadilika kwa madoa madoa, mara nyingi kando ya vishipa, kisha madoa yanaungana. Waache watoto walizunguke. Wale waliozoea kuandika kabla ya kuona watanyamaza wenyewe.

Siku ukilazimika kufanya yote ndani ya kipindi, usiiweke spiriti juu ya moto wa aina yoyote, hata ikiwa ndani ya sufuria ya maji. Chemsha maji nje, yajaze kwenye chupa ya chai, na uyalete darasani bila jiko. Mimina maji ya moto kwenye bakuli, simamisha humo neli ya majaribio yenye jani na spiriti. Spiriti huchemka kwenye nyuzi 78 hivi za Selsiasi, na maji yaliyotoka kuchemka yako juu ya hapo, hata kule Mbeya ambako kwa sababu ya mwinuko maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Utaona spiriti inatoa mapovu bila moto wowote. Maji yakipoa, yabadilishe.

Hatari ya spiriti iko kwenye mvuke wake zaidi ya kimiminika chenyewe. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, unatambaa juu ya meza na kushuka chini, unaweza kulifikia jiko lililo mwisho wa meza na moto ukarudi mpaka kwenye chombo. Tena mwali wake ni wa bluu hafifu. Karibu na dirisha lenye jua unaweza usionekane kabisa, mtu akaongeza spiriti akidhani hakuna moto. Ajali mbaya zaidi hutokea hapo, pale mtu anapomimina kutoka kwenye chupa kubwa. Chupa kubwa isiingie kwenye chumba chenye moto, sharti hilo lisiwe na msamaha. Kikiwaka chombo kidogo, kifunike kwa mfuniko wa sufuria au kitambaa kilicholoweshwa, usikibebe kukimbia nacho nje.

Nije kwenye uchaguzi wa jani. Kitunguu kiache, au kitumie kwa makusudi. Jani la kitunguu linafanya usanisinuru vizuri tu, lakini halina tabia ya kuweka akiba ya wanga. Akiba yake ni sukari. Ulichume saa nane mchana wa jua kali, bado litabaki kahawia. Hindi linahitaji uvumilivu wa aina nyingine. Wanga wake unajengwa kwenye seli zinazozunguka mishipa, si jani zima, kwa hiyo hata jaribio likifaulu unapata mistari myeusi myembamba inayofuata mishipa, na kati yake pamepauka. Mtu anayetarajia jani jeusi lote atasema limeshindikana. Isitoshe jani lake ni gumu, iodini inapenya taratibu. Mwembe, mkorosho na mpera nayo iepuke: majani yao yana nta na ugumu wa ngozi, na kemikali zake huyafanya kuwa kahawia-nyeusi hata bila iodini.

Yanayofaa kwa kuanzia ni majani membamba, mapana, yaliyokomaa lakini hayajazeeka, yaliyokuwa juani: kunde, maharage, matembele, na hata kile kishona nguo kinachoota kandokando ya uwanja wa mpira. Kishona nguo nakipendekeza kwa moyo wote, kwa sababu hakina mwenyewe. Kila mwanafunzi anachuma lake na hakuna shamba linaloharibiwa.

Halafu ipime iodini yako kabla ya kuipimia jani. Dondosha tone kwenye kipande cha kiazi kibichi au ugali uliopoa. Isipogeuza rangi hapo, usilaumu jani. Iodini ni kitu kinachopotea hewani. Chupa iliyokaa na kifuniko kilicholegea, juu ya rafu yenye jua, inabaki na rangi hafifu isiyo na nguvu. Ile ya kawaida ya kupaka vidonda inafaa, ila ina nguvu mno kwa kazi hii. Izimue kwa maji mpaka iwe kama chai ya rangi iliyopoa makali, ndipo rangi ya jani itaonekana bila kufunikwa na rangi ya iodini yenyewe. Hii ya siku hizi ya povidoni nayo inafanya kazi, japokuwa taratibu zaidi, kwa sababu iodini yake imefungwa na inaachiliwa kidogo kidogo.

Kuna mitego mingine mitatu inayofanya jani lenye wanga lionekane halina, na sidhani kama kitabu chako kimeitaja.

Wa kwanza ni joto. Rangi ya bluu-nyeusi inatokea kwa sababu molekuli ndefu za wanga zimejizungusha kama springi, na iodini inaingia katikati ya mzunguko huo. Ukipasha moto, mzunguko unalegea, iodini inatoka, rangi inapotea. Jani lililotoka kwenye maji yanayochemka na kudondoshewa iodini papo hapo linaweza kubaki kahawia ilhali limejaa wanga. Subiri lipoe. Hili unaweza kulionyesha peke yake: koroga unga kidogo wa muhogo kwenye maji ya moto, uache upoe, tia tone la iodini, rangi itatokea, weka neli hiyo kwenye maji yanayochemka, rangi itafifia, itoe ipoe, itarudi. Fanya siku ambayo spiriti haiko mezani. Ni dakika tano, na darasa zima litakumbuka mpaka mtihani wa taifa.

Wa pili ni magadi. Kama unatumia sufuria iliyopikiwa mboga kwa magadi, au mtu ameongeza magadi ili jani lilainike upesi, iodini itabadilishwa kuwa chumvi zisizo na rangi na haitashika wanga. Sabuni iliyobaki kwenye sahani nayo si rafiki. Suuza vyombo kwa maji safi, basi.

Wa tatu ni vitamini C, ambayo nayo huiondoa rangi iodini. Jani bichi au lisilochemshwa vizuri linaweza kuwa nayo ya kutosha kuyapausha matone ya mwanzo. Kuchemsha na kusuuza kunaondoa sehemu kubwa. Tabia hiyo hiyo inakusaidia pengine: doa la iodini kwenye shati jeupe la mwanafunzi linatoka kwa maji ya limau.

Upo pia mtego wa kinyume, na huu naona ni mbaya zaidi kwa sababu unampendeza mwalimu. Jani ambalo halikutolewa umbijani wote, likidondoshewa iodini ya kahawia, linaonekana jeusi. Kijani na kahawia vikikutana vinatoa weusi, wanga uwepo usiwepo. Darasa linashangilia, na hakuna kilichopimwa. Kinga yake ni rahisi: kila unapopima jani moja, weka kando yake jani lingine lililopitia hatua zile zile lakini halikudondoshewa iodini, maji tu. Kama la pembeni si jeupe-manjano, usisome matokeo. Hii inasaidia pia kama spiriti yako ni ile iliyotiwa rangi ya zambarau, kwani huacha kivuli chake kwenye jani.

Umeniuliza kosa liko wapi, na nadhani umeshaliona: saa ya kuchuma na aina ya jani, ndiyo mawili makubwa. Lakini naomba usiitupe asubuhi yako. Asubuhi ile ile iliyokuwa inakuharibia jaribio ndiyo itakayolifanya liwe jaribio la kweli. Saa tisa alasiri, chagua jani pana la kunde lililo bado kwenye mmea. Kwa wembe mkali, kata nusu yake moja kufuata mshipa wa kati, ukiuacha mshipa wenyewe na nusu nyingine vikiwa vimeshikamana na mmea. Chemsha nusu uliyokata, itie kwenye spiriti. Kesho yake alfajiri, kabla jua halijapanda, kata nusu iliyobaki, ichemshe, nayo iende kwenye chupa yake. Siku inayofuata zitandaze nusu hizo mbili kwenye sahani moja, zikigusana pale zilipokuwa zimeungana, na zidondoshee iodini kwa wakati mmoja. Ni jani lile lile, mmea ule ule, maji yale yale. Tofauti ni usiku mmoja. Hapo hakuna jibu la kitabuni la kukariri, itawabidi waangalie.

Ukifika kwenye jaribio la mwanga, lile la kufunika sehemu ya jani, kumbuka kuondoa kwanza wanga uliokuwepo. Mmea wa kwenye kopo unakaa kabatini gizani kwa siku mbili. Wa shambani, vika tawi bahasha ya kaki mbili, moja ndani ya nyingine, kwa muda huo huo. Usitumie mfuko mweusi wa plastiki, utalipika jani. Jani moja lipime baada ya hapo, uhakikishe ni kahawia kweli. Ndipo funika sehemu ya jani lingine kwa karatasi ya foili juu na chini, acha juani siku nzima, pima jioni. Mwanafunzi makini atauliza: utajuaje kwamba foili imezuia mwanga na si hewa? Mpe heshima ya jibu. Funika jani la pili kwa plastiki inayopitisha mwanga, kwa ukubwa ule ule na klipu zile zile. Likigeuka bluu-nyeusi chini ya plastiki na likabaki kahawia chini ya foili, umemjibu.

Kuhusu daftari, ushauri wangu ni kwamba safu ya "nilichoona" ijazwe kwa kalamu wakati sahani iko mezani, nawe uipitie na kuisaini kabla hawajafika kwenye safu ya "maana yake". Aliyeandika kahawia kwa jani la kahawia apate alama zote za safu ya kwanza, hata kama kitabu kinasema vingine. Katika safu ya pili mbane zaidi kidogo. Wengi huandika "kuna wanga, kwa hiyo usanisinuru umefanyika hapa". Waletee kiazi kutoka gizani jikoni, kikidondoshewa iodini kinakuwa cheusi tititi, na hakijawahi kufanya usanisinuru. Wanga wake ulisafiri kutoka kwenye majani ukiwa sukari. Kisha waletee lile jani la kitunguu, linalofanya usanisinuru mchana kutwa bila kuonyesha wanga. Iodini inajibu swali moja tu: je, hapa, sasa hivi, pana wanga wa kutosha kuonekana? Kujua ulitoka wapi ni kazi ya vile vilinganishi, giza la siku mbili, foili na plastiki. Kwenye mtihani wataandika jibu linalotakiwa na watapata alama zao, kwa sababu jani la kunde la saa tisa litakuwa limewaonyesha jibu hilo hilo.

Spiriti ya kijani iliyobaki usiimwage. Ichuje, iweke kwenye chupa yenye maandishi, itumie tena kwa loweko la kwanza la kundi linalofuata, na spiriti safi uibakize kwa loweko la pili. Kwa bajeti ya shule ya kata, lita moja ikitunzwa hivyo inafika mbali.